Unga Chini ya Fimbo za Habib

Nimekereza miguu ya vitanda kwa miaka kumi na tisa hapa Ganda, na kama umewahi kulala kwenye nyumba ya mtu wa maana pale Malindi mjini, basi huenda ulilala juu ya jasho langu bila kujua. Sijisifu. Labda kidogo. Keezo langu, mashine ya kuzungushia mbao, nililiunda mwenyewe kwa mota ya mashine ya kufulia iliyotupwa na hoteli moja, vyuma vya baiskeli na ubishi mwingi. Limenikata nusu ya kidole cha mkono wa kushoto. Mke wangu Kache husema hicho kidole ndicho mahari, kwa hivyo keezo ni mke mwenzake, na kwamba mwenzake anapakwa mafuta kila Jumamosi ilhali yeye anangoja sikukuu.

Habib alikuja kwangu akiwa na miaka ishirini na minne. Kijana wa Shela, mtoto wa watu, ananukia udi, mikono laini kama ya bi arusi. Siku ya kwanza nilimpa patasi, akaishika kama kalamu. Nikamwambia, "Bwana mdogo, hapa hatuandiki barua." Akacheka, akarekebisha mkono. Hilo ndilo tatizo la Habib. Ukimtania anacheka, halafu anajifunza. Miaka mitatu nikamtania, miaka mitatu akajifunza, na siku ya mwisho alikuwa anakereza mguu wa kitanda mimi nikiuangalia sijui ni wangu au ni wake.

Siku hiyo ya mwisho alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mbona unasimama kama umekuja kukopa?"

"Nataka kuanza kazi yangu, nyumbani. Nataka kutengeneza fimbo za pool."

Nikacheka mpaka nikazima mota. "Fimbo za kumchapa nani?"

Lakini alikuwa ameshapiga hesabu zake. Alinieleza taratibu, kama mtu anayesoma. Siku hizi kila kona kuna meza ya pool, kutoka Maweni mpaka kule Kilifi, na fimbo zinazouzwa madukani zinaletwa kutoka mbali, zikikaa msimu mmoja na hewa yetu ya bahari zinapinda. Vijana wanacheza na fimbo zilizopinda kama mkia wa mbuzi, wakikosa mpira wanatukanana. Mtu akiwatengenezea fimbo iliyonyooka na ikabaki imenyooka, hatakosa kazi.

Niliacha kucheka, kwa sababu wazo lilikuwa zuri. Meza za pool nimezipita miaka yote hiyo. Nimesimama hata kunywa soda kando yake, nikasikia watu wakilalamikia fimbo, nami nina keezo nyumbani. Wazo lilikuwa limekaa mbele ya pua yangu, likangoja mtoto wa Shela aje aliokote. Hilo liliniuma, na sikujua kwamba lingeendelea kuuma.

"Nenda," nikamwambia. "Ukifilisika, miguu ya vitanda ipo."

"Amin," akasema, kana kwamba nimemwombea dua.

Baada ya mwezi nikaenda kwao kuona. Alikuwa amepata fungu lake la shamba la bibi yake kule Mambrui, familia ilipouza, na lote alikuwa amelitia kwenye keezo la kununua. La rangi ya kijani, limetoka Mombasa, limetumika kidogo tu. Aliliweka katika chumba cha wageni. Alipoliwasha, nilidhani halijawaka. Lilikuwa linazunguka kimya, kama mtu mwenye akiba benki. Langu likiwaka, kuku wa jirani huacha kutaga.

"Zuri," nikasema. "Lina hata taa. Usiku utakuwa unalisomea Kurani."

Mkewe Raiya alikuwa ameleta chai. Huyo ni mwanamke ambaye akikuangalia unakumbuka deni. Akaniwekea kikombe, akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya macho yangu.

"Shemeji, unaona nini?"

"Naona mkono."

"Unaona mkono mtupu. Zilikuwepo bangili mbili za dhahabu, alinivika mamangu siku ya harusi. Moja imekuwa gundi, vanishi, msasa, na vile vipande vya ngozi vya kuweka kwenye ncha, ambavyo kimoja ni kidogo kama kifungo cha shati na bei yake kama shati lenyewe. Ya pili imekuwa mbao, na hata hazijaja."

Habib akainamisha kichwa. "Nitakurudishia, Raiya."

"Sikusema hutanirudishia. Nilikuwa namwonyesha shemeji gharama, maana yeye anaona keezo tu."

Nilikunywa chai yangu. Nitasema ukweli: niliwaonea wivu hata hapo. Mimi Kache hajawahi kuuza hata kuku kwa ajili ya keezo langu. Sikuwahi kumwomba, ni kweli, lakini wivu hauulizi maswali hayo.

Wiki ile ile Habib akanipigia simu. Mbao za mvinje zimefika, naomba uje uziangalie, wewe ndiye mwenye macho. Nikaenda. Aliyezileta ni Mwambire, mkata miti wa upande wetu, mtu ninayemjua tangu utoto. Habib alikuwa anapima urefu kwa futi kamba, anapanga, anahesabu arobaini, furaha tupu. Mbao zenyewe zilikuwa nyeupe, nyoofu, hazina fundo. Nikamvuta Mwambire pembeni.

"Mlikata lini?"

"Wiki iliyopita. Mwezi ulikuwa umejaa, tukaona mwanga wa bure, tukakata mpaka saa tatu."

Akaniangalia, nami nikamwangalia. Sisi wa Ganda hatuhitaji kuelezana. Baba yangu hakuwa anakata hata kijiti cha banda la kuku mwezi ukiwa mpevu. Wakati huo maji ya mti yamepanda, mbao inakuwa tamu, na dumuzi akiipata anaingia ndani na kusaga mpaka ibaki ganda. Unangoja mwezi uingie gizani, ndipo unapiga shoka. Mwambire anajua. Lakini mteja wa mjini haulizi, na Mwambire ana watoto sita.

Habib hakuuliza kwa sababu hajui. Yeye mwezi anaujua kwa kufunga na kufungua.

"Fundi, unazionaje?" akaniita.

Ningesema. Yalikuwa maneno manne tu: zilikatwa mwezi mpevu, rudisha. Yalikuwa mdomoni. Halafu nikaona lile keezo la kijani kupitia dirishani, limefunikwa kitambaa cha maua kama mgonjwa wa maana.

"Zimenyooka," nikasema.

Na kweli, zilikuwa zimenyooka.

Sasa, ufundi wa fimbo za pool si kama wa vitanda. Mguu wa kitanda unaukereza asubuhi, jioni umebeba mtu na mkewe. Fimbo ya pool haitaki haraka. Habib alikuwa amejifunza kwenye simu, video za watu wa ng'ambo. Unakereza kidogo, mti ukiwa bado mnene, halafu unautundika kwa uzi kutoka darini, uning'inie peke yake bila kugusa ukuta, miezi miwili. Ukipinda, unautoa. Usipopinda unaupunguza tena kidogo, unautundika tena. Hivyo hivyo, miezi minane, mpaka mti umalize hasira zake zote.

Miezi minane bila shilingi kuingia. Hiyo ndiyo gharama ambayo hakuna mtu aliyeiweka kwenye hesabu. Raiya akaanza kukaanga viazi vya karai mlangoni kila alasiri, na wakala viazi vya karai, na wageni wakaletewa viazi vya karai. Shangazi yake alipokuja kutoka Lamu alilala chumba cha wageni chini ya fimbo arobaini zinazoning'inia. Asubuhi akasema aliota yuko kaburini na mizizi inamshukia.

Mimi nilikuwa naenda mara moja kwa wiki. Nilikuwa najiambia naenda kumsalimia. "Habib," namwambia, "umezitundika kama papa wa kukausha. Chumvi umetia?" Wanacheka wote. Nikitoka pale nacheka mpaka nifike kona, nikifika kona kicheko kinakwisha.

Maana mji ulikuwa umeshaanza. Kwa kinyozi: Habib wa fimbo. Msikitini: Habib wa fimbo. Siku moja mteja wangu wa zamani, mzee ambaye analalia kitanda changu tangu mwaka wa kwanza, ananiuliza kwa roho safi kabisa, "Mangi, si wewe ndiye uliyefundishwa kazi na yule Habib?"

"Ndimi," nikamwambia. "Na karo bado hajanilipa."

Mzee akacheka. Mimi usiku ule nilikula nusu sahani, na Kache akauliza kama ni meno.

Mwezi wa sita wa kuzitundika niliona unga.

Nilikuwa nimeketi kwenye kile chumba, Habib amekwenda kuswali, Raiya anafagia. Chini ya fimbo, kwenye sakafu, kulikuwa na vichuguu vidogo vidogo vya unga mweupe, laini, kama mtu amepitisha ungo. Nikainua macho. Juu ya kila kichuguu kulikuwa na fimbo, na kwenye fimbo kijitundu cha ukubwa wa ncha ya sindano. Nilihesabu fimbo sita. Sita kati ya arobaini. Ungezitoa hizo sita siku hiyo, ukazichoma, zilizobaki ukazipaka dawa, kazi ingeokoka karibu yote.

"Kila asubuhi naufagia huu," Raiya akasema. "Nilidhani ni msasa wake. Shemeji, ni nini?"

Habib akaingia wakati huo, kofia bado kichwani. Wote wawili wakaniangalia. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nilipata nafasi ya kuchagua, na sikusukumwa na mtu.

Nikacheka. "Habib, fimbo zako zimeanza kusaga unga. Mwambie shemeji akande chapati, ameuza viazi vya kutosha."

Habib akacheka. Raiya alichelewa kidogo kucheka, lakini akacheka. "Fundi, wewe hukosi," Habib akasema, akanipiga begani.

Kwa hivyo nilimwambia. Hakuna anayeweza kusema sikumwambia. Nilitia neno la kweli ndani ya mzaha, kama vile unavyomfichia mtoto dawa kwenye uji, isipokuwa mimi nilitia ili isimezwe. Nilimjua yule kijana. Nilijua akinisikia nacheka, anasikia kicheko tu.

Mwezi wa nane Habib akaja Ganda amevaa kanzu. Nikajua kuna jambo.

"Fundi, kuna mwanamke pale Kibarani, Kilifi, anaitwa Charity. Anafungua ukumbi wa pool, meza tano. Amesikia habari zangu. Anataka kuona fimbo moja ya mfano, akiipenda atanunua kumi na sita kwanza."

"Mashallah. Basi nenda."

"Nataka twende wote. Mimi kwake ni kijana tu. Nataka mtu mzima wa kunisimamia."

Kache aliyekuwa anachambua mchicha akainua kichwa. "Kumbe unakwenda kuposa. Baba Kahonzi, vaa kikoi kizuri, usije ukakataliwa wewe kabla ya bwana harusi."

Nilivaa kikoi kizuri. Njiani Habib alishika ile fimbo mapajani, imefungwa kitambaa, anaishika kama kitu kinachopumua. Nilimwomba aniachie niione. Akafungua.

Sijui nieleze vipi. Mbele mvinje mweupe, umekerezwa ukapungua polepole mpaka ncha, huwezi kusema unapungua wapi. Kitako mbao ya mbambakofi, nyekundu, na pale zinapokutana meno manne yaliyoingiana bila ufa. Ilikuwa nyepesi mbele, nzito nyuma, ikakaa kwenye kidole changu kimoja bila kuyumba. Mimi katika miaka yangu yote sijatengeneza kitu ambacho mtu angekishika hivyo. Kitanda watu wanakilalia, hawakiangalii.

"Si mbaya," nikasema, nikamrudishia haraka.

Karibu na pale meno yalipoingiana, upande wa mvinje, kidole changu kilikuwa kimepita juu ya kijialama cha duara. Kimezibwa kwa gundi na vumbi la msasa, kikasuguliwa, kikapakwa vanishi. Naijua kazi hiyo. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kwenye vitanda hivyo ndivyo tunavyoziba matundu ya misumari. Kwa mguu mnene wa kitanda haidhuru kitu. Kumbe Habib aliona tundu, akadhani ni kasoro ya ngozi ya mti, akatumia somo langu.

Hapo pia ningeweza kusema. Tulikuwa tumebakiza nusu saa kufika. Nilitazama nje.

Charity alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mikubwa, suruali ya jinzi, chaki ya buluu imemtapakaa vidoleni. Ukumbi ulikuwa unanukia rangi mbichi. Alitupokea vizuri, akatuletea maji, lakini macho yake yalikuwa kwenye kitambaa.

"Wewe ndiye fundi?" akaniuliza.

"Mimi ni mwalimu wa fundi," nikasema, kifua mbele.

"Mimi ndiye niliyeitengeneza," Habib akasema kwa upole.

Aliichukua fimbo, akaiangalia kwa jicho moja kutoka kitako mpaka ncha. Akailaza mezani akaibingirisha juu ya kitambaa cha kijani. Ilibingirika bila kuruka hata kidogo, kimya, mpaka upande wa pili. Akairudisha. Akaibingirisha tena. Watu wawili waliokuwa wanapaka rangi wakaacha brashi wakasogea.

"Nimecheza mchezo huu tangu nikiwa msichana," Charity akasema. "Nimeshika fimbo za Nairobi, za Mombasa, za ng'ambo. Kijana, hii umeitengeneza chumbani kwako?"

"Chumba cha wageni."

"Na wageni wanalala wapi?"

"Chini yake."

Akacheka, na kwa kile kicheko nilijua biashara imekwisha kufungwa. Mtu mwingine angefurahi, si nilimfundisha mimi? Lakini nilikuwa nimesimama pale na kikoi changu kizuri nikiomba. Sitaki kusema niliomba nini.

Charity akapanga mipira. Akapaka chaki. Akainama, akavuta mkono nyuma, akapiga ule mpigo wa kwanza wa kutawanya, kwa nguvu zote, kama wanavyopiga.

Ilikatika pale pale penye meno. Sauti ilikuwa ndogo, kak, kama biskuti. Mipira ikazunguka na kusimama. Juu ya kitambaa cha kijani ukatapakaa unga mweupe, na katikati ya unga dumuzi mmoja mnene, anajinyonganyonga, ameshtuliwa usingizini.

Habib aliokota kipande kimoja akakiangalia ndani. Kilikuwa na vishimo kama mkate.

"Pole," Charity akasema, na alikuwa anasema kweli. Akachukua kipande kingine, akanigeukia mimi. "Mzee, wewe ulipokiona tu uso wako ulibadilika. Unazijua mbao. Sasa mimi nafungua tarehe moja. Wewe huwezi kunitengenezea?"

Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka. Kwa miezi minane, tangu lile keezo la kijani liletwe, nilitaka mtu mmoja anigeukie mbele ya Habib aniulize hivyo. Na Habib, badala ya kunichukia, akasema:

"Mpe yeye. Aliniambia mapema kwamba zinasaga unga, mimi nikachukulia mzaha. Makosa ni yangu."

Alisema hivyo mbele ya wapaka rangi wale, na kile kipande mkononi, akamaanisha. Nilikuwa na majibu kumi ya kuchekesha. Niliyaacha yote.

"Sikumwambia," nikasema. "Nilicheka. Nilicheka makusudi ili asinisikie. Hata siku mbao zilipokuja nilijua zilikatwa mwezi mpevu. Hata leo njiani nilishika lile tundu."

Nilingoja Habib anitukane, ingenipunguzia mzigo. Alikunja vile vipande kwenye kitambaa, akafunga, akamgeukia Charity.

"Samahani kwa kukuchafulia meza."

"Mimi sitaki kesi zenu," Charity akasema. "Nataka fimbo. Kumi na sita sahau. Ukiniletea kumi nzima kabla ya tarehe moja, nazichukua kwa bei ile ile. Zikiwa tisa, kaa nazo, maana meza nne haziwezi kucheza na ya tano ikawa inatazama."

Habib alipanda matatu yake kurudi Malindi, mimi nikapanda nyingine. Alichagua yeye.

Siku tatu sikwenda popote. Nilikereza miguu ya kitanda ambacho hakijaagizwa na mtu. Kache nilimweleza yote. Akaenda kulala na mtoto.

Siku ya nne, asubuhi, likasimama tuktuk mbele ya karakana. Akashuka Raiya, buibui limejaa vumbi, akaanza kuteremsha mafungu ya fimbo, moja baada ya jingine. Nikakimbia kumsaidia.

"Usiguse," akasema. Akazipanga zote mwenyewe sakafuni. Thelathini na tisa, zimekerezwa mpaka unene wa mwisho, bado vanishi. "Habib hajui nimekuja. Amesema atazichoma zote, kwa sababu hawezi kujua ipi nzima ipi imeliwa ndani. Wewe unajua."

"Najua."

"Sijakuja kukusamehe, shemeji. Hayo kaongee na mwenyewe, akitaka. Nimekuja kwa sababu bangili zangu mbili ziko ndani ya hizi mbao na wewe ndiye mwenye macho. Chagua. Na nikiona unatabasamu naondoka nazo zote."

Nilikaa chini. Fimbo iliyoliwa haijifichi kwa mtu anayesikiliza. Unaiinua shibiri moja, unaiacha ianguke kwa kitako kwenye saruji. Nzima inalia, sauti ya juu, nyembamba, kama kikombe cha kaure. Iliyoliwa inasema tu, tif. Halafu unapitisha ukucha kutoka juu mpaka chini, unatafuta tundu au kizibo.

Tif. Nikaiweka kushoto. Tif. Tif. Ya nne ikalia, nikaikagua mara mbili, nikaiweka kulia. Raiya alikuwa amesimama juu yangu, mikono kiunoni, anahesabu kwa midomo. Kushoto kuliongezeka kama kuni za harusi. Kila niliyoitupa kule nilikuwa naijua niliicheka wiki gani, maana nilikuwa nikienda, nikiiona inaning'inia, nikichekesha watu chini yake. Fimbo sita za mwezi wa sita zilikuwa zimekuwa ishirini na tisa.

Tulifika ya thelathini na nane. Kulia zilikuwa tisa.

"Imebaki moja," Raiya akasema. Sauti yake haikuwa ile.

Niliichukua. Nikaiangusha. Ikalia, lakini chini kidogo kuliko zile nyingine. Nikaiangusha tena. Nikapitisha ukucha, taratibu, upande huu, upande ule. Nikaipeleka mlangoni kwenye jua nikaizungusha. Hapakuwa na tundu wala kizibo. Sauti ilikuwa chini kwa sababu mti wenyewe ulikuwa mzito zaidi, umejaa, mishipa yake imekwenda sawasawa kutoka kitako mpaka ncha bila kukengeuka, jambo ambalo unaliona kwenye mti mmoja kati ya mia. Na mkono ulioukereza haukuuharibu. Nilitafuta mahali ulipotetemeka, hata pawe pamoja tu, niseme angalau hapa. Sikupaona.

Wivu ulikuwepo. Watu wakisimulia mambo kama haya husema ukikiri unaondoka. Wangu ulikuwa pale pale mlangoni na mimi, umekuja kuangalia fimbo.

"Na hiyo?" Raiya akauliza. "Sema. Na useme bila utani wako."

"Hii nzima," nikasema. "Hii ni nzuri kuliko zote. Mimi nisingeweza kuitengeneza."

Aliniangalia usoni, akitafuta kicheko. Alipokikosa akanyoosha ule mkono wake mtupu, nami nikampa fimbo ya kumi.